HESABU YA NJIA PANDA

Ndugu msomaji, vijiji vyetu vingi vilivyo kando ya barabara kuu vilianza na njia panda. Wengine hata jina wamelichukua hapo hapo. Utasikia kijiji kinaitwa Njia Panda, kingine kinaitwa Kibaoni kwa sababu hapo zamani paliwekwa kibao cha kuonyesha njia. Chalinze ni njia panda: njia moja inakwenda Morogoro, nyingine Tanga na Moshi. Makambako ni njia panda, unachagua kwenda Mbeya au Njombe na Songea. Makuyuni nayo ni vivyo hivyo, huku Dodoma, kule Karatu na Ngorongoro.

Watu hufuata njia panda kwa sababu hapo ndipo pana fedha. Basi linasimama, abiria wananunua mahindi ya kuchoma, nyanya, karanga, maji. Vijana wa bodaboda wanapata wateja. Mama anajenga kibanda cha chai. Baada ya miaka michache pamekuwa soko. Lakini barabara yenyewe haikubadilika. Malori yanapita kwa mwendo ule ule yaliokuwa yakipita wakati pale pana pori na kibao tu.

Nimekuwa nikifundisha darasa la jioni katika kijiji kimoja chenye njia panda ya namna hiyo. Mwaka juzi, siku ya gulio, pikapu ilitoka barabara ya vumbi ikiwa imebeba watu na matenga ya nyanya. Dereva alisimama, akatazama, akaona basi linakuja. Lilikuwa mbali. Akasema, "Tunawahi," akakata barabara kuelekea sokoni upande wa pili. Basi likaigonga pikapu ubavuni, sehemu ya nyuma, pale pale walipokaa watu. Saba waliumia. Mmoja wao alikuwa mwanakisomo wangu, mzee wa miaka hamsini na kitu, hodari sana wa hesabu za kujumlisha. Habari zake nitazirudia.

Nilizungumza na yule dereva baada ya siku nyingi. Si mlevi. Si mtu wa fujo. Aliniambia neno moja tu: "Mwalimu, basi lilikuwa mbali." Nami nilisimama pale pale alipokuwa amesimama, nikatazama, na ni kweli, pale lilipokuwa basi ni mbali. Basi nikaenda darasani na chaki, tukafanya hesabu. Hebu tuifanye pamoja.

MITA NGAPI KWA SEKUNDE MOJA?

Gari likienda kilomita 80 kwa saa, maana yake kwa saa moja linamaliza mita 80,000. Saa moja ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60. Zidisha: 60 mara 60 ni sekunde 3,600. Sasa gawanya 80,000 kwa 3,600. Utapata 22 na kitu kidogo. Kwa hiyo gari hilo linakwenda mita 22 kwa kila sekunde moja. Sema neno "mia moja na moja" polepole. Kabla hujamaliza kulisema, gari limekwishapita urefu wa nyumba mbili za bati.

Sasa chukua mtu anayevuka. Lami yetu ina upana wa mita 7 hivi. Mama mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni huenda kama mita moja kwa sekunde. Anahitaji sekunde 7 kuvuka. Zidisha 7 kwa 22. Ni mita 154. Ndiyo kusema gari likiwa umbali wa mita 150, umbali ambao kwa macho unaonekana ni mkubwa na salama kabisa, mama huyo hana tena nafasi. Watakutana katikati. Na pikapu iliyosimama ikiwa na mzigo haiwezi kuchomoka kama risasi. Inaanza na gia ya kwanza, inavuta, inanguruma, na sekunde zinakwisha.

Wanadarasa wangu hawakuamini. Tukatoka nje, tukapima hatua 200 kutoka pale njia panda, maana hatua ya mtu mzima haifiki mita moja. Tukaweka jiwe lenye chokaa. Kisha tukakaa chini ya mwembe tukahesabu kila gari linalopita kwenye jiwe: moja, mbili, tatu, nne. Mengi yalitufikia kabla hatujamaliza saba. Mzee mmoja akasema, "Kumbe tumekuwa tukiishi kwa bahati."

Jicho la binadamu linadanganywa kwa njia nyingi hapa. Gari linalopita mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia unaliona likitembea. Lakini gari linalokuja moja kwa moja kwako halionekani kutembea. Linaonekana tu kuongezeka ukubwa kidogo kidogo, halafu ghafla limekuwa kubwa limefika. Pikipiki kwa kuwa ni ndogo hudhaniwa iko mbali kuliko ilivyo. Usiku ni hatari zaidi. Ukiona taa moja unasema ni pikipiki, kumbe ni lori ambalo taa yake moja imekufa.

Tena kuna mambo ambayo tunayafanya wenyewe. Wakati wa masika watu hulima mahindi mpaka kwenye kona ya barabara. Mahindi yakishafika kifuani, dereva anayetoka barabara ya vumbi haoni kitu mpaka pua ya gari lake iko kwenye lami. Vibanda navyo hufanya hivyo hivyo. Na pikipiki zinazopangwa kwenye kona kungojea abiria, na lori lililosimama kununua mkaa. Kona ya barabara ni dirisha. Ukiliziba, anayepita hakuoni na wewe humwoni.

KUSIMAMA NAKO KUNA SAFARI YAKE

Wengi wetu tunafikiri dereva akituona, gari linasimama. La. Kwanza anaona, kisha akili inaelewa, kisha mguu unahama kwenda kwenye breki. Hayo huchukua kama sekunde moja na nusu. Kwa mwendo wa 80, gari limekwishasogea mita 33 kabla breki haijagusa. Baada ya hapo, gari dogo lenye breki nzuri na matairi mazuri, kwenye lami kavu, linahitaji kama mita 35 nyingine ndipo lisimame. Jumla karibu mita 70. Kwa mwendo wa 100, jumla ni karibu mita 100, yaani kutoka goli mpaka goli katika uwanja wa mpira. Lakini kwa mwendo wa 40, mita 26 tu zinatosha.

Angalia vizuri hapo. Kutoka 40 kwenda 80 mwendo umezidi mara mbili, lakini umbali wa breki yenyewe umezidi mara nne, na nguvu ya kugonga imezidi mara nne. Ndiyo sababu sheria yetu inataka gari lisizidi kilomita 50 kwa saa linapopita katika makazi ya watu. Kile kibao cha duara chekundu chenye namba 50 hakikuwekwa kwa ajili ya askari kupata watu wa kuwatoza faini, kama wanavyosema vijana wa kijiweni. Kimewekwa kwa sababu ya hesabu hii.

Lami ikilowa, umbali unazidi. Na lori lenye tani 30 ni jambo lingine kabisa, hasa kwenye mteremko. Breki ya lori hufanya kazi kwa kusugua: vipande vigumu vinabana ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Kusugua huleta moto. Dereva akiteremka mlima mrefu huku mguu uko kwenye breki muda wote, ngoma hupata moto mkali mno, na vile vipande vinaanza kuteleza badala ya kushika. Anakanyaga, hakuna kitu. Hapo ndipo watu husema lori limekata breki. Dereva aliyefunzwa huingiza gia ya chini mapema kabla ya kuanza kuteremka, ili injini yenyewe ilizuie gari. Lakini wako wanaotoa gia kabisa, lori likaserereka lenyewe, ati wanabana mafuta. Hao, kwa maoni yangu, wanastahili kunyang'anywa leseni siku hiyo hiyo.

Tarehe 24 Februari 2024, eneo la Ngaramtoni huko Arusha, katika barabara ya kwenda Namanga, lori lililokatika breki liligonga magari mengine. Watu 25 walikufa.

YALIYOTOKEA LONDIANI

Majirani zetu wa Kenya walipata msiba ambao kila kijiji chenye njia panda kinapaswa kuujua. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, jioni, yapata saa kumi na mbili na nusu. Mahali penyewe panaitwa Londiani Junction, katika barabara kuu ya Nakuru kwenda Kericho. Junction maana yake ni hiyo hiyo njia panda. Hapo barabara ya Londiani inaingia kwenye barabara kuu, na kama ilivyo kwetu, watu walikuwa wamejipatia soko: wauza mboga na matunda kando ya lami, matatu zikishusha na kupakia, bodaboda zikingojea abiria. Saa hiyo ndiyo saa ya watu wengi. Wafanyakazi wanarudi, wakina mama wananunua mboga ya usiku.

Lori lenye kontena lililokuwa likielekea Kericho lilimshinda dereva, likatoka barabarani. Likagonga matatu na magari mengine, likagonga pikipiki, likaingia kwa wauzaji na wateja wao. Watu zaidi ya 50 walikufa na zaidi ya 30 waliumia. Wapo waliobanwa chini ya mabati ya magari, na kazi ya kuwatoa ilisumbuliwa na mvua kubwa.

Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Wengi wa waliokufa Londiani hawakuwa safarini. Hawakuvuka barabara vibaya wala hawakupanda gari bovu. Walikuwa wamekaa na bidhaa zao. Kosa, kama tukiliita kosa, lilikuwa mahali walipokaa; na mahali hapo walipachagua kwa sababu ndipo mteja anaposimama. Baada ya msiba, Kipchumba Murkomen, aliyekuwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi wa Kenya wakati huo, alisema masoko ya kando ya barabara kuu yahamishwe. Ni neno zuri. Lakini sisi tunaoishi vijijini tunajua ugumu wake. Ukimhamisha muuza nyanya mita 200 kutoka lamini, na basi likaendelea kusimama pale pale lamini, kesho atarudi na ndoo yake kichwani. Anataka kulisha watoto. Kwa hiyo kituo cha basi ndicho kihame kwanza. Basi likiingia ndani, mbali na njia panda, soko litalifuata lenyewe bila mgambo.

WATU WAKISHAUMIA

Nilisema nitarudia habari za mwanakisomo wangu. Siku ile alirushwa kutoka kwenye pikapu akaangukia ukingo wa mtaro. Alikuwa akizungumza. Alisema mgongo unamuuma na miguu ina ganzi. Vijana wawili, watu wema kabisa, walimkimbilia. Mmoja akamshika makwapani, mwingine miguuni, wakamkunja ili aingie kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Wakamwahisha hospitali. Leo mzee yule anakaa kwenye kiti cha magurudumu. Daktari aliniambia hawezi kusema kama ule uti wa mgongo ulivunjika wakati wa ajali au uliharibika zaidi wakati wa kubebwa. Hakuna atakayejua. Lakini wale vijana wawili wanajiuliza mpaka leo, nami sitaki kijana mwingine ajiulize hivyo.

Basi tujifunze. Kijijini, daktari wa kwanza ni wewe uliye karibu. Kabla ya kumkimbilia majeruhi, zuia magari mengine: weka matawi ya miti barabarani pande zote mbili, mbali, tena umeshajua kwa nini iwe mbali. Zima injini ya gari lililoanguka. Asiwashe mtu sigara. Likiwa ni lori la mafuta, ondoka na uondoe watu. Tusisahau Morogoro, karibu na Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda na madumu kuchota petroli, moto ukalipuka. Waliokufa walipita 100.

Mtu anayepiga kelele anapumua. Mwendee kwanza yule aliyenyamaza. Tazama kifua kama kinapanda na kushuka. Kama anapumua lakini hajitambui, ulimi au matapishi yanaweza kumziba koo. Mlaze kwa ubavu, mkimgeuza mwili wote kwa pamoja kama mnavyoviringisha gogo, mmoja akishika kichwa kisipinde. Damu ikitoka kwa wingi, kunja kitambaa safi, khanga au kitenge, bandika juu ya kidonda na ukandamize kwa kiganja. Usifunue kila mara kutazama. Ikilowa, ongeza kitambaa juu yake. Kama ana chuma au kipande cha mti kimemwingia, usikichomoe, maana pengine hicho ndicho kinachozuia damu. Usimpe maji wala chai hata akiomba, kwa sababu huenda akahitaji kupasuliwa, na asiyejitambua atapaliwa.

Anayelalamika shingo au mgongo, au miguu kufa ganzi, asibebwe na watu wawili. Kama hakuna moto wala hatari nyingine, mwacheni alale palepale, mfunikeni asipate baridi, mmoja amshikie kichwa kitulie, mngojee gari la wagonjwa. Kama hakuna gari la wagonjwa na lazima aondoke, tafuteni kitu kigumu kilichonyooka: mlango wa kibanda, ubao wa benchi, ngazi iliyotandikwa blanketi. Watu watano au sita, mmoja kichwani, na huyo ndiye anayetoa amri. Akisema "inua", wote wanainua pamoja. Mfungeni kwa khanga asiteleze. Pikapu yenye sakafu ndefu ni bora kuliko teksi ya kumkunja. Na dereva asikimbize. Mashimo ya barabara yanaua pia.

Simu ya dharura ya polisi ni 112, na ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Wako wanaochelewesha majeruhi wakihangaika na fomu ya polisi, ile PF3. Majeruhi wa hali mbaya hutibiwa kwanza, fomu hufuata. Mpelekeni.

KALAMU NAYO NI DAWA

Siku ya ajali ile, wakati watu wanapiga kelele na wengine, aibu kusema, wanaokota nyanya, mama mmoja wa darasa langu la jioni aliandika. Hakuwa na karatasi. Aliandika kwenye kiganja kwa kalamu ya wino: namba ya basi, namba ya pikapu, saa. Kisha akanakili nyuma ya daftari lake majina ya majeruhi na gari lililombeba kila mmoja. Miaka mitatu nyuma mama huyo alikuwa akitia dole gumba.

Jioni ndugu walipofika wakilia na kuuliza, "Baba yetu amepelekwa wapi?", yeye alifungua daftari akawasomea. Na ilipokuja habari ya bima, daftari lile lilitafutwa tena. Kila gari linalotembea barabarani kwa sheria yetu lazima liwe na bima ya kumlipa mtu mwingine litakayemuumiza. Watu wengi wa vijijini hawajui, au wanadhani bima ni ya mwenye gari peke yake. Aliyeumizwa ana haki ya kudai, na familia ya aliyekufa pia. Lakini atadai kwa namba ya gari, tarehe, taarifa ya polisi na vyeti vya hospitali. Asiyekuwa na namba anabaki na hadithi tu. Usikubali kumalizana njiani kwa shilingi elfu hamsini wakati mguu umevunjika. Mguu unaweza kutibiwa mwaka mzima.

Kijiji chetu kiliitisha mkutano baada ya yote hayo. Palikuwa na ubishi mwingi. Mwenye shamba la kona alikataa kabisa kukata mahindi yake, akataka fidia. Mwishowe alikubali kupanda karanga, ambazo hazizidi magoti. Bodaboda wamesogea hatua hamsini ndani ya barabara ya vumbi, ingawa asubuhi bado utawakuta wawili watatu kwenye kona. Kibao chekundu chenye pembe nane, kile cha SIMAMA, kilikuwa kimegongwa na kulala chini tangu zamani. Vijana wamekisimamisha kwa saruji waliyochangishana. Tumeandika barua kwa wakala wa barabara kuomba matuta na kituo cha basi cha ndani. Barua imejibiwa, tumeambiwa tungojee bajeti. Nakala ninayo.

Jiwe letu la chokaa bado lipo. Kila mvua ikiliosha, wanadarasa hulipaka upya. Wiki iliyopita nilimkuta mzee yule wa kiti cha magurudumu chini ya mwembe pamoja na wajukuu zake wawili kabla hawajavuka kwenda shule. Lori lilipofika kwenye jiwe alianza kuhesabu kwa sauti, nao wakahesabu pamoja naye. Lilipita mbele yetu kwenye sita.